Weusi wa Oili Si Ushahidi

Mwenye lori akichomoa kijiti cha kupimia, akapaka oili kidoleni na kuiona nyeusi tii, mara nyingi hukata shauri papo hapo: imekwisha, imwagwe. Lakini katika injini ya dizeli oili nzuri huanza kuwa nyeusi mapema, kwa kuwa imetiwa viambato vya kubeba masizi yakiwa yanaelea ili yasigande kwenye pistoni na ringi. Weusi huo ni kazi inayofanyika. Vumbi linalosaga silinda, kwa upande mwingine, halionekani kidoleni hata kidogo. Ndiyo maana tunasema oili ipimwe maabara, na majibu yasomwe kama habari za injini kuliko habari za oili yenyewe.

Kosa la kwanza hufanyika dukani, mteja anapoomba “nzito”. Kwenye kopo lililoandikwa 15W-40, namba ya kwanza na herufi W hueleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na 40 hueleza uzito wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Anayepanda hadi 50 ili injini chakavu inyamaze amefunika kelele tu. Uwazi kwenye beringi uko palepale. Muhimu zaidi ni herufi zinazofuata neno API: S ni kwa petroli, C ni kwa dizeli, na daraja hupanda kadiri alfabeti inavyosonga. CI-4 ilitoka mwaka 2002, CK-4 mwaka 2016. Kitabu cha gari ndicho kinachotaja daraja linalohitajika, na muuza duka hana mamlaka ya kukipinga.

Majibu ya maabara huorodhesha madini kwa sehemu kwa milioni, na hapo wengi hukimbilia kuuliza kiwango salama ni kipi. Swali hilo lina jibu dhaifu, maana injini mbili za aina moja zinaweza kutofautiana na zote zikawa nzima. Chukulia lori ambalo silikoni yake ilikuwa 8, kisha 10, na sasa ni 35, huku chuma kikiwa kimepanda maradufu, na umbali kati ya vipimo ni uleule. Silikoni ni mchanga. Chuma ni silinda inayolika. Mtuhumiwa ni filta ya hewa au mpira wake uliopasuka, isipokuwa kama injini imefunguliwa karibuni na kupakwa gundi ya gasketi, ambayo nayo hutoa silikoni bila madhara. Shaba na risasi zikipanda pamoja, tazama beringi. Sodiamu huashiria maji ya rejeta yanayovuja ndani, ila anayejaza maji matupu ya bomba huenda asilipate onyo hilo.

Wapo wanaosema ni nafuu kumwaga oili mapema kuliko kulipia kipimo. Kwa gari dogo linalobeba lita nne, wana haki. Kwa lori la lita 35 hesabu hubadilika, na hata bila hesabu, oili mpya haizibi mpira uliopasuka: mchanga unaendelea kuingia, na ushahidi umekwenda na oili iliyomwagwa. Pingamizi zito zaidi ni la mafundi walioona injini ikinoki wakati majibu yalisema hali ni shwari. Hilo hutokea kweli. Mashine ya kawaida ya maabara husoma chembe ndogo mno, na vipande vikubwa vya chuma huipita bila kuhesabiwa. Kwa hiyo filta ya zamani ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga, na fundi apitishe sumaku.

Sampuli nayo ichukuliwe injini ikiwa ya moto. Acha oili ya mwanzo ipite kwanza, kwa sababu imekokota uchafu wa chini ya sampu, kisha kinga katikati ya mtiririko kwa chupa safi na kavu. Kwenye lebo andika kilomita za injini na kilomita ambazo oili hiyo imetembea. Zikikosekana, anayesoma majibu anabahatisha.