Dondoo Muhimu: Kuyapima Magazeti ya Ujerumani
Atakaye kuzijua habari za Ujerumani kwa yakini, na aanze na Tagesschau, taarifa itangazwayo na ARD tangu 1952, kwani shirika hilo la utangazaji, kama lile la ZDF, huendeshwa zaidi kwa ada itozwayo kila kaya, wala si kwa fedha za hazina ya serikali. Deutsche Welle, ambayo hutangaza hata kwa Kiswahili, hugharimiwa na kodi za dola. Msomaji asiidharau kwa sababu hiyo, ila alikumbuke jambo hilo.

Katika magazeti, Frankfurter Allgemeine huwaelemea wahafidhina, Süddeutsche Zeitung la München huelekea mrengo wa kushoto kwa kiasi, na taz la Berlin hupindukia hapo. Bild, lenye wasomaji wengi, kwa rai yangu halifai kutegemewa peke yake. Makala iliyoandikwa Kommentar au Meinung ni rai ya mwandishi, si taarifa. Lastahiki heshima, aidha, gazeti likirilo kosa lake hadharani, kama jarida la Der Spiegel lilivyofanya mwaka 2018, ilipobainika kuwa mwandishi wake mmoja alikuwa akizua habari. Basi, ewe msomaji, kabla ya kuhukumu, isome habari ile ile katika magazeti mawili yasiyopatana.