Plastiki Haibebi Mlipuko

Mkazi wa Great Barr, kaskazini-magharibi mwa Birmingham, hawezi kununua bastola ya kisasa, wala kuiweka nyumbani, wala kwenda nayo kwenye uwanja wa shabaha. Tarehe 13 Machi 1996, mtu mwenye bastola alizozimiliki kwa kibali halali aliwaua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Dunblane, Uskoti. Mwaka 1997 Bunge likapitisha sheria mbili zilizoziondoa bastola mikononi mwa raia wa Uingereza, Wales na Uskoti. Naiona kuwa hatua ya haki. Kipimo cha sheria hiyo ni cha rula: silaha ya moto yenye mtutu mfupi kuliko sentimita 30, au yenye urefu wote chini ya sentimita 60, ni marufuku. Bastola ya upepo inaruhusiwa kwa mtu mzima, mradi nishati yake isizidi jouli 8 hivi. Hata bastola inayoshindiliwa baruti mdomoni, ndugu wa gobore letu, imeachwa nje ya katazo hilo.

Wanaoibeba bastola ya kisasa kihalali huko ni watu kama askari. Mwaka 2013 jeshi la Uingereza lilichagua Glock 17 ichukue nafasi ya Browning ya chuma iliyotumika kwa miongo mingi. Ndipo linapozuka swali ambalo mwanafunzi yeyote wa fizikia ana haki ya kuliuliza. Sehemu ya chini ya Glock, ile inayokamatwa na mkono, ni plastiki. Risasi inafyatuliwa kwa mlipuko. Kwa nini plastiki haipasuki?

Tuanze na baruti. Kuni zikikosa hewa huzimika, lakini baruti huwaka ndani ya kopo la shaba lililozibwa pande zote, kwa sababu imebeba oksijeni yake yenyewe ndani ya kemikali zake. Jambo hili lina historia pale pale Great Barr. Mwishoni mwa karne ya 18, Samuel Galton alikuwa mpangaji wa jumba la Great Barr Hall, na humo alikaribisha mikutano ya Lunar Society, kundi la wapenda sayansi waliokutana karibu na mwezi mpevu ili warudi nyumbani kwa mwanga wake. Miongoni mwa wanakundi alikuwemo Joseph Priestley, ambaye mwaka 1774 aliitenga hewa tunayoiita leo oksijeni. Alikuwemo pia James Watt, aliyeufahamu mvuke na nguvu zake za kusukuma. Galton mwenyewe alifanya majaribio ya mwanga na rangi, na alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa bunduki. Nyingi zilikwenda Afrika Magharibi, zikabadilishwa na watu waliotiwa utumwani.

Baruti ikiwaka inageuka gesi ya moto inayohitaji nafasi kubwa kuliko iliyopewa. Katika risasi ya milimita 9, kanieneo ya gesi inaruhusiwa kufika bar 2,350, yaani zaidi ya mara 2,000 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Gesi haichagui upande; inasukuma kila ukuta inaoukuta. Hivyo tuhesabu kuta. Ukuta wa kwanza ni mtutu uliozunguka risasi, nao unasukumwa kutanuka. Wa pili ni kitako cha risasi, chenye eneo la milimita za mraba 64 hivi. Zidisha eneo hilo kwa kanieneo, upate nyutoni 15,000, sawa na uzito wa tani moja na nusu. Wa tatu ni kitako cha ganda, lile kopo la shaba, kinachosukumwa nyuma kwa kani inayokaribia kuwa sawa na hiyo.

Ganda limeegemea kitu gani? Limeegemea kitelezi, kile kipande kizito cha juu kinachorudi nyuma na kwenda mbele kila risasi inapotoka. Kitelezi ni cha chuma cha pua. Mtutu ni wa chuma cha pua. Na katika sekunde ya kufyatua, hivyo viwili vimefungana kuwa kitu kimoja. Mlipuko wote uko ndani ya chuma, na plastiki iko nje ya kuta zote tatu. Mtu akiniuliza sababu ya bastola hii kuwezekana, jibu langu ni hilo kwanza, kabla ya kuisifu polima yenyewe.

Sasa tuangalie mwendo. Anayeruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini huuona mtumbwi ukisogea nyuma yake. Mtumbwi mwepesi unasogea sana, jahazi halisogei kwa kuonekana. Kanuni yake aliiandika Isaac Newton mwaka 1687: kila kani ina mwenzake iliyo sawa nayo, ikielekea upande wa pili. Ukizidisha tungamo la kitu kwa kasi yake unapata momenta, na momenta inayokwenda mbele lazima ilingane na ile inayorudi nyuma. Risasi ina gramu 8 na inatoka kwa mita 360 hivi kwa sekunde. Momenta yake ni 2.9; ongeza gesi inayoifuata, tufike 3 na kidogo. Kitelezi na mtutu kwa pamoja vina karibu gramu 460, basi vinaanza kurudi nyuma kwa zaidi ya mita 6 kwa sekunde.

Linganisha safari zao. Risasi inapita sentimita 10 za mtutu kwa takriban nusu ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo huo kitelezi, kwa kuwa ni kizito mara 57, kimesogea chini ya milimita 2 tu. Mtutu bado umefungwa. Risasi ikishatoka na kanieneo kushuka, ndipo mtutu unainama kidogo kwa nyuma, unaachana na kitelezi, ganda linatupwa nje na springi inabanwa. Hakuna anayeuongoza mpangilio huo. Tofauti ya uzito ndiyo saa yake.

Plastiki inaingia kazini hapa. Kitelezi kinateleza juu ya vipande vidogo vya chuma vilivyozamishwa ndani ya polima, kinaibana springi, na mwishoni kinagonga mwili wa bastola. Momenta ni ile ile 3, lakini sasa inapokelewa kwa muda wa sehemu kama 10 za elfu za sekunde, mara 20 ya muda risasi ilioutumia mtutuni. Muda ukiongezeka mara 20, wastani wa kani unapungua mara 20: kutoka nyutoni 6,000 hadi 300. Pigo la mwisho huvuka wastani huo, na hapo tabia ya polima inasaidia. Nailoni, polima ya aina hiyo iliyobuniwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers, ni minyororo mirefu ya molekuli inayoweza kunyooka na kusogeleana bila kukatika. Mwili wa bastola unapinda kidogo sana kisha unarudi. Si Glock iliyotangulia: kampuni ya Ujerumani Heckler & Koch ilitoa bastola yenye mwili wa polima, VP70, mwaka 1970, miaka 12 kabla ya jeshi la Austria kuichagua ile ya Gaston Glock.

Wepesi una gharama yake. Bastola ya kilo 1.2 ikipewa momenta 3 hurudi na nishati ya jouli 3.75 mkononi. Ya gramu 850 hurudi na jouli 5.3. Risasi yenyewe imeondoka na zaidi ya jouli 500, na ukikumbuka zile jouli 8 za bastola ya upepo, utaelewa watunga sheria walitenganisha vitu gani.

Kuta za chuma hazikuaminiwa kwa maneno. Mwaka 1813 Birmingham ilipewa kwa sheria ya Bunge nyumba ya kupimia mitutu, ambayo ingali ikifanya kazi katika mtaa wa Banbury. Silaha inafyatuliwa risasi ya makusudi yenye kanieneo ya ziada, kwa bastola asilimia 30 juu ya kikomo. Ikisalimika bila ufa wala kutanuka, inapigwa muhuri. Kabla ya hapo, bunduki duni za biashara ya Afrika zilikuwa na sifa mbaya ya kumlipukia mfyatuaji. Galton aliposhutumiwa mwaka 1795 na Waquaker wenzake, waumini wa dhehebu la Kikristo linalokataa vita, alijitetea kwamba mtengenezaji hawajibiki kwa matumizi ya bidhaa yake. Hawakumkubalia, mwaka 1796 walimwondoa. Nami nawaunga mkono, kwa kuwa alijua vyema bunduki zake zilikuwa zikinunua nini.

Ukuta mmoja umebaki, nao ni mkono. Kitelezi kinaweza kumaliza safari yake pale tu mwili wa bastola unapobaki karibu mahali pake. Mfyatuaji akilegeza kifundo cha mkono, mwili unarudi pamoja na kitelezi, springi haibanwi ipasavyo, na ganda linakwama mlangoni. Katika bastola nzito chuma kinausaidia mkono kuzuia, lakini mwili wa Glock ukiwa mtupu una gramu 150 tu hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kuuzuia usirudi inafanywa na misuli ya kiganja na kigasha.