Nani Anafua Shuka Zako?

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14-15

Wapendwa, wazee wetu wanakumbuka siku ya kufua mtoni. Shuka nzito ya pamba ilisuguliwa juu ya jiwe kwa sabuni ya kipande, ikasuuzwa kwa maji ya bluu ili iwe nyeupe. Vitambaa vya makochi vilitiwa wanga, kisha pasi ya makaa. Nyumba nzima ilishika kazi.

Leo tuko na sabuni ya unga, shuka nyepesi zinazokauka haraka, na wengine wana mashine. Lakini kwa nyumba nyingi za Nairobi, kazi ile haikuisha. Ilihamia kwa mama fua, yule anayekaa kando ya barabara asubuhi akingoja kuitwa.

Torati inaagiza kibarua maskini alipwe siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua, kwa sababu anautegemea ujira wake. Ndugu, ukimwambia "njoo kesho", watoto wake watakula nini usiku? Basi tupatane bei kabla hajalowesha nguo. Tusimwongezee mablanketi katikati ya kazi bila kuongeza pesa.

Swali la wiki: Mama fua aliyetoka kwako mara ya mwisho, aliondoka na nini mkononi?