Kisukari: Mitishamba Isikufanye Uache Dawa

Wagonjwa wengi wa kisukari huuliza: je, karela, uwatu au mwarobaini unaweza kushusha sukari mwilini? Swali hili si la upuzi. Metformini, tembe ambazo wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili huanzishiwa, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mmea huo una kemikali inayoshusha sukari, lakini ni sumu, na umewahi kuua kondoo. Wanasayansi walitengeneza metformini katika maabara mwaka wa 1922, na mwaka wa 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwayo.

Karela na uwatu pia vimejaribiwa kwa wagonjwa. Katika baadhi ya majaribio sukari ilishuka kidogo. Katika mengine haikushuka.

Tatizo kubwa ni kipimo. Tembe ya miligramu 500 haibadiliki leo wala kesho. Lakini nani ajuaye nguvu ya majani yaliyochemshwa kwenye sufuria?

Ukichanganya mitishamba na insulini au glibenklamidi, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ukiziona, kunywa mara moja maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari, kisha ule chakula. Mgonjwa aliyezimia asinyweshwe chochote, mkimbize hospitalini.

Hatari ya pili ni kuacha dawa. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza hana insulini yake mwilini. Akiacha sindano, anaweza kufa katika muda wa siku chache. Hakuna mmea unaoweza kuchukua mahali pa insulini.

Je, ufanye nini basi? Karela kama mboga mezani si vibaya. Lakini ukitaka kutumia mitishamba kama dawa, mweleze daktari wako kwanza, na usimfiche uliyokwisha kunywa. Pima sukari ya damu mara kwa mara. Usitegemee jinsi unavyojisikia, kwani sukari inaweza kuwa juu nawe huna maumivu yoyote, huku ikiharibu macho, figo na mishipa. Mama mjamzito asitumie dawa hizi kamwe bila idhini ya daktari.

Na anayekuuzia chupa akikuambia utupe tembe zako, mwache na chupa yake.