Seva moja, hesabu zote za maziwa

*Mimi ni karani wa chama cha wafugaji hapa Burnt Forest. Hesabu za maziwa za wanachama ziko kwenye seva moja ya PostgreSQL ofisini. Stima ikipotea, roho hukaa juu. Kunakili kwenye diski ya nje kila Jumapili kunatosha? – Karani mwenye wasiwasi*

Hakutoshi, ndugu karani, na hofu yako ni ya haki. Seva ikiungua Alhamisi, maziwa yaliyopimwa tangu Jumapili yamepotea kwenye hesabu, na hayo ni karo ya mtoto wa mtu.

Unahitaji seva ya akiba. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye daftari lake la ndani. Tangu toleo 9.0 la mwaka 2010, inaweza kulituma mfululizo kwa seva ya pili, ambayo kwa kawaida hubaki nyuma kwa sekunde chache tu. Iweke Eldoret, si chumba cha pili: moto haubagui vyumba. Toleo kuu liwe lilelile pande zote mbili.

Diski ya nje usiitupe. Ukifuta jedwali kwa bahati mbaya, seva ya akiba nayo italifuta papo hapo.

Fanyeni zoezi la kuhamia ile ya akiba kabla ya msiba. Ya zamani izimwe kabisa kwanza, la sivyo zote mbili zitapokea hesabu tofauti, na kuzipatanisha ni kazi ngumu mno.

Ukiona ujumbe wa hitilafu ya diski, usijaribu-jaribu. Mwite fundi wa hifadhidata siku hiyohiyo.