MTI WA ALDA NA MAJINA YAKE

Kando ya mito ya Ulaya, mahali penye majimaji, huota mti ambao Waingereza huuita alder, Wajerumani Erle, Wafaransa aulne, na Waholanzi els. Wataalamu wa mimea huuita kwa Kilatini Alnus. Hapa tutauita alda.

Mti wake ukikatwa huwa mweupe, kisha hugeuka mwekundu. Ukikaa majini daima hauozi upesi. Kwa hiyo watu wa Venice waliutumia, pamoja na miti mingine, kuwa nguzo za misingi ya nyumba zao.

Lakini faida yake kubwa imo mizizini. Humo mna vifundo, na ndani ya vifundo hukaa vijidudu viitwavyo Frankia. Vijidudu hivyo hutwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mti. Majani yakianguka na kuoza, udongo nao hupata rutuba. Mvinje wa pwani yetu hufanya kazi iyo hiyo. Ndiyo sababu aina moja ya alda, Alnus acuminata, itokayo milima ya Amerika ya Kati na ya Kusini, imepandwa mashambani katika nchi ya Rwanda na huko Kabale, Uganda. Matawi yake huwapa wakulima kuni, na fito za kutambazia maharagwe.

Sasa yafaa kujihadhari na majina. Magharibi ya Marekani uko mti uitwao red alder, maana yake alda mwekundu. Huo ni Alnus rubra, alda wa kweli. Afrika ya Kusini pia uko mti uitwao red alder, na kwa Kiafrikana rooiels. Huo ni Cunonia capensis, wala hauna ujamaa na alda. Mizizi yake haina vifundo vile. Jina ni moja, miti ni miwili. Mkulima akiagiza mbegu kwa jina hilo tu, aweza kupanda, kupalilia na kungoja miaka, asiione rutuba aliyoitumaini.

Jina la Kilatini huondoa shaka hiyo. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ni la mti wenyewe, na maneno hayo mawili ni yale yale katika kila nchi. Basi kabla ya kununua mbegu au miche, uliza majina yote mawili, uyaandike, ndipo utoe fedha yako.