Nguo za Kushindia Nyumbani: Somo kwa Wanawake wa Maskati

Somo la leo ni la nguo za kushindia, yaani zile anazovaa mwanamke akiwa ndani kwake: dera, kanga, jalabia, gauni la kulalia. Wengi wetu hatuzihesabu kuwa ni nguo. Pesa huenda kwenye abaya na nguo za harusi, na ya nyumbani hununuliwa yoyote iliyo rahisi. Lakini mama anayeshinda nyumbani huwa nayo mwilini sehemu kubwa ya siku na usiku kucha, na joto la Maskati sote tunalijua. Mwezi Juni 2018 huko Quriyat, ndani ya mkoa huu huu wa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku na mchana, na wataalamu wa hali ya hewa wakasema kuwa jambo kama hilo lilikuwa halijapata kurekodiwa popote duniani.

KITAMBAA NA NGOZI

Mwili hujipoza kwa jasho. Kinachopoza hasa si jasho lenyewe bali ni kule kukauka kwake juu ya ngozi, kwani likikauka huondoka na joto. Sisi tunakaa kando ya bahari, hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hukauka polepole. Ukijifunika tena kwa kitambaa kisichopitisha hewa, jasho hubaki pale pale. Pamba huweza kubeba unyevu wa hewa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, ambapo poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana dera la poliesta, japo jepesi na zuri kwa macho, hukugandia mgongoni ukishatoka tu kwenye kiyoyozi kuingia jikoni.

Matokeo ya kwanza ni harara, vile vipele vidogo vinavyochoma, ambavyo hutokea matundu ya jasho yakiziba. Harara si ugonjwa wa kutisha, huondoka ngozi ikipata baridi na kukauka. La pili ni zito zaidi: fangasi kwenye mikunjo ya mwili, chini ya matiti, chini ya tumbo na kwenye kinena. Pahala hapo huwa pekundu au peusi zaidi, panawasha, pengine panatoa harufu, na wanawake wengi huona haya kusema hata kwa daktari. Wenye miili minene hupata zaidi, na wenye kisukari zaidi tena, na kisukari katika jamii yetu hakihitaji kutambulishwa.

Hapa nataka kusema kwa mkazo. Usipake krimu yenye steroidi, kama betamethasoni, kwa ushauri wa jirani. Muwasho hutulia siku mbili tatu, kumbe fangasi inaendelea kusambaa chini kwa chini, na daktari akija kutazama hata sura yake imebadilika. Dawa ya fangasi, kama klotrimazoli, ndiyo ya kupaka, na uendelee nayo muda wote ulioelekezwa hata kama muwasho umekwisha. Kausha mikunjo kwa kitambaa laini baada ya kuoga, pasi na kusugua, na weka kipande cha kanga kuukuu chini ya matiti, ukibadilishe kikilowa. Ukiona usaha, homa, au wekundu unaoenea haraka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa kama una kisukari.

UTAJUAJE NI PAMBA?

Usiamini neno la muuzaji, wala kibandiko peke yake. Siku hizi hata kanga nyingine zimechanganywa poliesta. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo, zishike kwa kibanio juu ya sinki, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini ukiyasaga kwa vidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha donge gumu. Ukipata yote mawili, basi ni mchanganyiko. Viskosi nayo huungua kama pamba na inapitisha hewa vizuri, ila ikilowa hupoteza nguvu, kwa hiyo haivumilii kufuliwa kila siku.

Donge hilo gumu lina somo jingine. Nguo ya poliesta au nailoni ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba nayo inaungua, tena haraka, kwa hiyo hatari kubwa jikoni ni upana wa mikono ya dera juu ya jiko la gesi. Na sisi tuna tabia yetu ya kusimama juu ya chetezo tujifukize udi na nguo ziko mwilini. Tundika nguo, ndipo uifukize. Ukiungua, weka maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala asali, na nguo iliyonata usiibandue. Namba ya dharura hapa Omani ni 9999.

NGUO YA KILA MWILI

Madukani wanaandika saizi moja kwa wote. Si kweli. Dera hilo hutosha upana, lakini shingo humbana mnene, na urefu humkwaza mfupi. Bibi wa miaka 70 akikanyaga pindo kwenye ngazi, akavunjika nyonga, anaweza asitembee tena kama zamani. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu.

Kanga ndiyo haina saizi. Doti moja, vipande viwili vya kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, mpelekee fundi akushonee gauni la wazi mbele; mnene aongeze kipande cha tatu. Wazi mbele humfaa anayenyonyesha, na humfaa mgonjwa wa kiharusi. Mgonjwa huyu umvalishe kwa kuanza na mkono uliopooza, na wakati wa kumvua uanze na mkono mzima. Mwenye vidole vya baridi yabisi awekewe zipu yenye kitanzi kikubwa badala ya vifungo. Aliyejifungua kwa upasuaji asivae lastiki juu ya kovu, na aliyeondolewa titi na tezi za kwapani, mkono wa upande huo usibanwe na mkono wa nguo. Anayetumia kiti cha magurudumu, gauni lisiburure.

Sasa mama mwenye nyumba, nisikilize. Dada aliyetoka Tanga, Mombasa au Kampala kukusaidia kazi, mara nyingi amepewa sare moja au mbili za poliesta, na jikoni ndiko anakoshinda, pahala penye joto kuliko pote nyumbani. Akiwashwa hatakwambia, ataona haya au ataogopa kuonekana mgonjwa akarudishwa kwao. Mpe jozi tatu za pamba, moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kabatini, na mahali pa kuanika nguo zake za ndani penye jua, maana zikianikwa chooni hazikauki. Nawe dada, hayo si anasa, waweza kuyaomba kwa adabu.

KUDUMU KWA NGUO

Poliesta kila ikifuliwa hutoa vinyuzi vidogo vya plastiki, vingi huishia baharini, na maji mengi tunayotumia Maskati yanatoka kwenye bahari hiyo hiyo baada ya kutolewa chumvi. Pamba nayo haina usafi kamili, hunywa maji mengi shambani. Kwa hiyo faida ipo kwenye kuvaa nguo moja kwa miaka. Kanga mpya ifue kwanza kuondoa wanga na rangi iliyozidi, ndipo uivae. Sabuni iwe kidogo, suuza mara mbili, kwani sabuni iliyobaki kwenye kitambaa ndiyo huwasha wengi. Anika kivulini ikiwa hutaki rangi ipauke, lakini nguo za ndani na za mwenye fangasi zianikwe juani mpaka zikauke kabisa. Ikichakaa, kanga huwa laini zaidi kuliko ilivyokuwa, na hapo ndipo inapofaa kwa nepi, kwa mtoto mchanga, na kwa kile kipande cha chini ya matiti.